Mliuliza: Minara ya San Gimignano ilijengwaje, na kwa nini bado imesimama?

Toleo lililopita lilikuwa na picha ya San Gimignano, mji mdogo juu ya kilima katika mkoa wa Toscana, Italia, kati ya Firenze na Siena. Picha ilionyesha minara ya mawe imesongamana kama mabua ya mtama, na chini yake tuliweka maelezo ya mistari miwili tu. Wengi wenu hamkuridhika na mistari hiyo. Barua hizi ndizo zilizouliza mambo yanayojibika.

Chini ya picha mliandika minara 14. Kitabu nilicho nacho kinasema 72, na kwingine nimesoma 13. Tushike kipi? (Msomaji, Dodoma)

Shika 14 kwa leo, na 72 uichukue kama masimulizi ya mji kuhusu enzi zake za ukwasi, yaani miaka ya 1200 hadi mwanzoni mwa 1300. Anayepata 13 au 15 naye hajakosea sana. Inategemea kama anahesabu mnara wa kengele wa kanisa, na kama kisiki cha mnara anakiita mnara.

Maana visiki ni vingi. Minara kadhaa ilipunguzwa kimo hadi ikalingana na nyumba, ikaezekwa paa moja na majirani, na mpita njia haioni tena. Ukitaka kuitambua, usitazame juu, tazama ukuta wa barabarani. Mnara wa zamani una uso mwembamba wa mawe yaliyochongwa vizuri, mlango mrefu mwembamba wenye tao, na pembeni mshono ulionyooka wima pale ukuta wake unapokutana na wa jirani bila mawe kuingiliana. Mshono ule unakuambia kwamba mnara ulisimama peke yake kwanza, nyumba ikaja kuegemea baadaye.

Mrefu kuliko yote ni Torre Grossa, mita 54, mali ya serikali ya mji, uliomalizika mwaka 1311. Unaofuata ni Rognosa, mita 51, nao ni wa zamani zaidi. Mwaka 1255 sheria ya mji ilikataza mnara wa mtu binafsi kuupita Rognosa. Husimuliwa kwamba ukoo wa Salvucci ulitafuta mwanya: ukajenga miwili pacha, kila mmoja chini ya kipimo, ili ikijumlishwa iwe mirefu kuliko Rognosa. Pacha hao wapo hadi leo. Kwamba nia ilikuwa hiyo, tunawaachia wasimulizi.

Huku Lamu upana wa chumba cha nyumba ya mawe uliamuliwa na boriti: mkoko ukiishia hapa, na ukuta uishie hapa. Wao mita 50 walizifikiaje bila saruji wala nondo? Na kweli watu waliishi humo ndani? (Fundi, Lamu)

Fundi mwenzao ndiye anayeuliza, kwa hiyo tutakaa hapa kidogo.

Vifaa vyao ungevitambua: mawe, chokaa, mchanga, mbao. Chokaa yao ilichomwa kutokana na mawe ya chokaa ya vilima vile, si matumbawe kama ya pwani, lakini kazi ya tanuri na kuizima kwa maji ni ileile. Kipimo cha mafundi wa ukarabati ni chokaa 1 kwa mchanga 3 hivi. Minara mingine, au sehemu zake za juu, ilijengwa kwa tofali za kuchoma kwa sababu ni nyepesi kupandisha.

Ukuta wenyewe si jiwe tupu toka nje hadi ndani. Ni kuta mbili nyembamba za mawe yaliyochongwa, moja ya nje na moja ya ndani, na katikati kumejazwa kifusi cha mawe madogo kilichomwagiwa udongo wa chokaa. Chini unene wote unaweza kufika mita 2, na juu hupungua. Fundi alipandisha safu za nje na za ndani, akajaza katikati, akasindilia, ndipo akaanza safu nyingine.

Jukwaa halikuanzia ardhini. Kwa kimo kile miti ingekwisha msituni! Waliacha matundu ya mraba ukutani, wakachomeka boriti, wakatandika mbao, wakasimama hapo. Ukuta ukipanda, boriti za chini huchomolewa na kuchomekwa juu zaidi. Ndiyo maana ukitazama mnara wowote wa San Gimignano unaona matundu yamepangwa mistari kwa mistari. Mengine yalitumika tena baadaye kubebea baraza za mbao zilizoning'inia nje, na hata vijia vya kuvukia kwenda mnara wa ndugu au mshirika. Mbao zimeoza zamani, na minara tunayoiona leo ni mikavu kuliko ilivyokuwa.

Sasa kinachoharibika. Chokaa haigandi kama saruji. Huwa ngumu kwa kufyonza hewa ya ukaa, taratibu, kutoka nje kwenda ndani, na moyo wa ukuta wenye unene wa mita 2 hukaa laini muda mrefu sana. Fundi mwenye haraka akirundika uzito juu ya moyo ambao haujakauka, kifusi husukuma pembeni na uso wa nje hufanya tumbo. Baridi kali nayo ni adui: maji yaliyomo ndani ya chokaa mbichi yakiganda kuwa barafu hutanuka na kuivunja. Kwa hiyo kazi ilisimama majira ya baridi, kilele cha ukuta kikafunikwa, na mnara ukachukua misimu kadhaa.

Hatari nyingine ni msingi. San Gimignano ina bahati ya kilima kigumu. Bologna, ambako mji umekaa tambarare juu ya udongo laini, mnara wa Garisenda ulianza kuinama mapema, na katikati ya karne ya 14 ikabidi ukatwe hadi mita 48 hivi. Bado unawasumbua: mwezi Oktoba 2023 eneo linalouzunguka lilifungwa kwa hofu ya kuporomoka.

Kuishi ndani? Pima mwenyewe. Toa unene wa kuta, nafasi inayobaki ndani ya minara mingi ni ya kunyoosha mikono tu, na ghorofa za mbao ziliunganishwa kwa ngazi za kuegemeza. Familia iliishi katika nyumba iliyoambatana na mnara. Mnara ulikuwa ghala, kimbilio siku ya fujo, na zaidi ya yote tangazo la mali. Ile mipana iliyokaliwa kweli ilikuwa na duka au karakana chini, vyumba katikati, na jiko juu kabisa, ili moshi utoke na moto ukizuka usipande kuwafuata waliolala. Ukifika huko, ingia Torre e Casa Campatelli. Ni nyumba ya familia iliyojengwa kuuzunguka mnara wa mita 28, na ukisimama chini ukatazama juu unaona gogo tupu hadi kileleni. Picha haiwezi kukupa hisia hiyo.

Nafundisha historia. Naomba Waguelfi na Waghibellini kwa lugha ambayo kidato cha pili wataelewa. (Mwalimu, Kisumu)

Mwalimu, hizi zilikuwa kambi mbili za siasa za Italia ya zamani hizo: Waguelfi walisema wako upande wa Papa, Waghibellini upande wa Kaisari wa Ujerumani. Hilo ndilo jibu la mtihani. Mtaani San Gimignano, Waguelfi walikuwa ukoo wa Ardinghelli na Waghibellini ukoo wa Salvucci, matajiri wawili waliogombea biashara, vyeo na heshima, na minara yao ilitazamana katikati ya mji. Papa na Kaisari walikuwa mbali. Jirani alikuwa dirishani.

Kitu kitakachowavutia wanafunzi wako ni dawa waliyoitafuta. Kuanzia mwaka 1199 mji uliongozwa na *podestà*, mtawala wa kuajiriwa ambaye sharti lake la kwanza ni awe mgeni. Miji ya Italia ya zamani hizo ilimtoa mji mwingine, akaja na mahakimu na makarani wake, akatawala kwa muda mfupi uliowekwa, kisha kabla ya kuondoka akakaguliwa hesabu na hukumu zake. Wazo ni kwamba asiye na shemeji mjini hatampendelea mtu. Lilifanya kazi kwa kiasi. Pale koo mbili zilipokuwa na nguvu kuliko mkataba wake, podestà alikuwa mgeni aliyekaa katikati ya moto.

Waambie pia kwamba tarehe 8 Mei 1300 mjumbe wa Firenze aliingia katika ukumbi wa baraza la mji huu kuwaomba wajiunge na mkutano wa miji ya Kiguelfi ya Toscana. Mjumbe huyo alikuwa Dante Alighieri, na ukumbi huo sasa unaitwa kwa jina lake.

Mji tajiri hivyo ulikwamia wapi? Na minara mbona haikubomolewa kama kwingine? (Msomaji, Mombasa)

Maswali yako mawili yana jibu moja.

Utajiri ulikuja kwa barabara. Via Francigena, njia ya mahujaji na wafanyabiashara kutoka kaskazini mwa Ulaya kwenda Roma, ilipita ndani ya mji wenyewe. Askofu mkuu Sigeric wa Canterbury, aliporudi kutoka Roma mwaka 990, aliandika vituo vyake vyote, na San Gimignano ni kituo cha 19 kuhesabu kutoka Roma. Kila msafiri aliyelala alikula, alibadilisha fedha, alinunua. Wenyeji nao wakapeleka zafarani na divai yao ya Vernaccia masoko ya mbali, na faida wakaikopesha kwa riba. Minara ni faida hiyo iliyogeuzwa mawe.

Kisha ikaja tauni ya mwaka 1348. Iliua sehemu kubwa ya watu wa mji na vijiji vyake, na wasafiri nao wakapungua. Mwaka 1353 mji uliochoshwa na tauni na ugomvi ulijisalimisha kwa Firenze, na Firenze ikajenga ngome yake hapohapo kilimani ili kusiwe na mawazo ya pili. Wakati huohuo njia ya bondeni, kando ya mto Elsa kupitia Poggibonsi, ilizidi kupendelewa. Msafiri wa bondeni hana sababu ya kupanda kilima.

Firenze na Bologna ziliendelea kutajirika, na mji unaotajirika hubomoa: minara ikaondolewa kupisha majumba mapana yenye madirisha makubwa na barabara za magari. San Gimignano haikuwa na fedha ya kubomoa wala ya kujenga upya. Baadhi ya minara ilikatwa, mingine ikaachwa isimame. Wanaosema mji ulihifadhiwa kwa hekima ya wazee wake wanawapa wazee sifa ya bure kidogo. Hekima ilikuja baadaye, pale mji ulipotambua kwamba kilichobaki kina thamani. UNESCO iliuweka katika Urithi wa Dunia mwaka 1990, miaka 10 kabla ya Mji Mkongwe wa Zanzibar.

Usidhani ukishasimama miaka 700 basi umemaliza. Miji hii ya kilimani inashikiliwa na kuta zinazozuia udongo usiteremke, na maji yakijikusanya nyuma ya ukuta yasipate pa kutokea, huusukuma. Volterra, mji wa jirani, ulipoteza kipande kikubwa cha ukuta wake wa kale Januari 2014 baada ya mvua nyingi. Kwa minara, uchunguzi wa kwanza ni kileleni: ufa mdogo unaoingiza maji hulainisha kile kifusi cha ndani, na mbegu ya mtini iliyodondoshwa na ndege humaliza kazi kwa mizizi.

Maji walipata wapi juu ya kilima? (Msomaji, Morogoro)

Vyanzo vilikuwa viwili. Chemchemi ziko nje ya ukuta, chini ya mteremko, zimefunikwa kwa matao ya mawe, na ndiko walikofulia nguo na kuosha sufu. Juu mjini walitegemea birika la kukusanya maji ya mvua, na uwanja wa Piazza della Cisterna umepata jina kwa birika hilo. Lilijengwa mwaka 1273, likapanuliwa mwaka 1346 na podestà Guccio Malavolti, ambaye alichonga alama ya ukoo wake, ngazi, kwenye jiwe lake. Tazama ukingo wa kisima: kamba za ndoo zimekula mifereji ndani ya jiwe.

Udhaifu wa mpango huo unauona mwenyewe. Adui akizingira mji, chemchemi ziko upande wake.

Nimeona huko kunauzwa zafarani kwa bei ya dhahabu. Ni ileile tunayotia kwenye biriani, au ni jina tu? (Msomaji, Zanzibar)

Mmea ni uleule, *Crocus sativus*, na huko ni zao la kihistoria kwelikweli: mwaka 1228 serikali ya mji ililipa sehemu ya madeni ya vita vya kuizingira ngome ya Nera kwa zafarani badala ya fedha. Tangu mwaka 2005 jina "Zafferano di San Gimignano" linalindwa na sheria ya Umoja wa Ulaya.

Bei inatokana na mikono. Mmea huu ni tasa, hauna mbegu, hivyo hupandwa vitunguu vyake, Agosti hadi Septemba. Maua hutoka Oktoba hadi katikati ya Novemba. Huchumwa asubuhi yakiwa bado yamefumba, kwa sababu jua likiyafungua nyuzi hupoteza nguvu na nyuki huanza kuyatibua. Ndani ya kila ua kuna nyuzi tatu nyekundu tu, zinachambuliwa siku hiyohiyo, kisha hukaushwa kwa joto la pole, lisilozidi nyuzi za Selsiasi 50, karibu na makaa bila moshi. Zikikauka hubaki na sehemu moja ya tano ya uzito wake. Gramu 1 inataka maua kama 150. Piga hesabu ya kilo.

Zao hilo huharibika zaidi kwa maji. Udongo ukituamisha maji kitunguu huoza, ndiyo maana mteremko wa kilima unalifaa, na mkulima huhamisha shamba kabla ugonjwa haujaota mizizi. Nungunungu na nguruwe pori nao wanavipenda mno vitunguu hivyo.

Huko huuzwa nyuzi nzima, kamwe si unga, kwa kuwa unga ni rahisi kuchanganywa na manjano. Kwako jikoni, jaribu hivi kabla ya kulipa: tia nyuzi mbili katika maji ya uvuguvugu ndani ya kikombe cheupe. Zafarani ya kweli hutoa rangi ya njano polepole, dakika 10 na zaidi, na uzi wenyewe hubaki mwekundu. Ikimwaga wekundu papo hapo na uzi ukapauka, umeuziwa rangi. Wala usizichemshe kwa moto mkali: loweka nyuzi kwanza, kisha mwaga maji yake juu ya wali unapopalia.

Mnayajua yale maua ya njano juu ya minara kwenye picha yenu? (Mtawa, Bukoba)

Ndiyo, Sista. Wenyeji huyaita maua ya Santa Fina, binti wa mji huo aliyepooza, akalala miaka mitano juu ya ubao kwa hiari yake, akafariki tarehe 12 Machi 1253 akiwa na miaka 15 hivi. Simulizi linasema siku hiyo yalichanua kwenye kuta na juu ya minara. Huota penye chokaa na huchanua mwanzoni mwa majira ya kuchipua, kwa hiyo hadi leo huwa yametoka karibu na sikukuu yake. Katika kanisa kuu la mji, Domenico Ghirlandaio alichora mazishi yake miaka ya 1470, na nyuma ya waombolezaji aliichora minara. Wanahistoria wa ujenzi wanaipenda picha hiyo kwa sababu zao wenyewe.

Naishi Bologna na Desemba nitapokea wageni kutoka Arusha. Tukipanga siku moja San Gimignano inatosha? (Msomaji, Bologna)

Inatosha, ila msiingie mtego wa kwanza. Kituo cha treni kinaitwa Poggibonsi–San Gimignano, lakini kiko Poggibonsi, na mji wenyewe uko kilomita kama 12 zaidi, juu. Hakuna treni inayopanda huko. Kutoka Bologna nendeni Firenze, badilisheni treni hadi Poggibonsi, na nje ya kituo mchukue basi. Kwa gari ni rahisi zaidi, ila mji ndani ya ukuta umezuiwa magari ya wageni na kamera zinasoma namba. Faini huja nyumbani miezi baadaye, wakati wageni wameshasahau safari. Egesheni nje ya ukuta mpande kwa miguu.

Pandeni Torre Grossa mapema, kabla makundi ya mabasi hayajafika, kisha kanisa kuu, kisha kisima. Ngazi za mnara ni zaidi ya 200 na mwisho kuna ngazi nyembamba ya kupanda kwa mikono na miguu, kwa hiyo mwenye magoti mabovu abaki Piazza della Cisterna. Desemba jua huzama kabla ya saa 11 jioni na milango ya makumbusho hufungwa mapema kuliko kiangazi. Nunueni tiketi ya basi ya kurudi kabisa mkiwa Poggibonsi, na mkiweza msiende Jumapili, mabasi yanakuwa machache.